Taa za LED kwenye gari la rimoti: seti, LED mojamoja, utepe wa tuktuk au Arduino?

Mombasa jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, na saa hizo ndizo wengi hupata nafasi ya kulitoa gari la rimoti: kazi zimeisha, joto limepungua, uwanja una upepo. Shida ni kwamba gari likishafika mita thelathini kwenye gizagiza hujui tena kama linakutazama au limekupa mgongo. Ukikosea hapo, unakata kushoto lenyewe linakwenda kulia, na ukingo wa barabara unalisubiri. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma zinaondoa utata huo. Urembo unakuja juu yake.

Njia zinazowakwamisha watu ni nne: kununua seti iliyo tayari ya kuchomeka kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya gari), kununua LED mojamoja na rezista, vile vipande vidogo vinavyozuia umeme usizidi, ukapiga solda mwenyewe, kukata utepe wa volti 12, uleule unaofungwa kwenye tuktuk na matatu, au kuweka bodi ndogo ya kupangiwa programu kama Arduino izitawale taa zenyewe. Ipo na ya tano, taa zenye betri yake, nayo tutaipitia kwa kifupi.

Tunapima kwa vigezo gani

Kila njia imepimwa kwa mambo yaleyale: umeme inaoutaka na unakotoka, kazi ya kuifunga, taa zinafanya nini zikishawaka, zinavumilia vipi chumvi, mchanga na mtikiso, na vifaa vyake vinapatikana wapi. Suala la umeme ndilo linaloamua mengi, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Betri ya LiPo (aina ya lithiamu inayotumika kwenye magari haya) ya seli 2 huandikwa volti 7.4, lakini ikitoka kwenye chaja ina 8.4, na mwisho wa mchezo inakaribia 6.6. Ya seli 3 huanza na 12.6 ikateremka hadi karibu 10. Risiva haipewi umeme huo mbichi. Ndani ya ESC, kile kisanduku kinachodhibiti kasi ya mota, mna sehemu iitwayo BEC inayoushusha hadi volti 5 au 6, na baadhi hutoa 7.4. Risiva na sevo ya usukani, yaani mota ndogo inayogeuza magurudumu, hula hapo. Soma kibandiko cha ESC kabla ya kununua chochote: BEC ndogo hutoa ampea 1 au 2, kubwa zaidi hutoa 3 na kuendelea.

LED ya kawaida ya milimita 3 au 5 haipaswi kupewa zaidi ya miliampea 20, na kwa 12 hadi 15 inang'aa vizuri na inadumu. LED nane basi ni kama miliampea 100. Sevo iliyokwama dhidi ya jiwe inaweza kula ampea nzima au zaidi. Kwa hiyo taa chache peke yake hazileti msiba. Msiba huja pale BEC ilipokwisha kuelemewa na sevo kubwa, kisha taa zikaongezwa juu. Volti ikishuka mno, risiva hujizima na kujiwasha upya, na kwa muda huo gari si lako.

Jaribio lake ni dogo, nalo linahusu kila njia inayokula kutoka risiva. Inua gari magurudumu yasiguse chini, washa taa zote, kisha kata usukani mwisho kushoto na mwisho kulia harakaharaka huku ukivuta mafuta. Zikififia au kupepesa, BEC imefika mwisho wake. Punguza taa, au nunua BEC ya pembeni ya volti 5 ampea 3 inayounganishwa na betri moja kwa moja.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia mapema. Magari mengi ya bei nafuu yana risiva na ESC kwenye ubao mmoja wa saketi, na ubao huo huenda hauna tundu la ziada hata moja. Ukilifungua lako ukakuta hivyo, usilazimishe seti ya kuchomeka. Utachukua umeme kwenye nyaya za betri, baada ya swichi, ukaupitisha kwenye moduli ya kushusha volti. Moduli zenye chipu ya LM2596 au MP1584 zinafaa. Izungushe skrubu yake huku multimita ikiwa kwenye matokeo hadi usome 5.0, *kisha* ndipo uunganishe taa. Wanaounganisha kwanza ndio wanaonunua LED mara mbili.

Seti iliyo tayari

Hii ni pakiti yenye LED zilizokwisha lehemiwa, kwa kawaida nyeupe mbili hadi nne, nyekundu mbili hadi nne, na pengine za njano, nyaya zikiishia kwenye plagi ya pini tatu kama ya sevo. Unaichomeka kwenye chaneli isiyotumika ya risiva, au kwenye tundu lililoandikwa BATT au B/C kama umeme wa ESC unaingilia pengine. Umeme ni wa risiva, volti 5 au 6, na taa huzimika gari linapozimwa. Hilo la mwisho ni faida kubwa kuliko linavyosikika. Tutalirudia kwenye utepe.

Plagi ya sevo ina huruma: chanya iko katikati, hasi upande mmoja, ishara upande mwingine. Ukiigeuza, taa haziwaki tu, hakiungui kitu. Waya mweusi au wa kahawia ni hasi, mwekundu ni chanya, mweupe, wa njano au wa chungwa ni ishara.

Kufunga ni kazi ya jioni moja. Kikubwa ni matundu ya bodi, yaani ganda la nje la gari. Bodi nyingi ni za polikaboneti, plastiki laini isiyopenda drili ya kasi: hushika, hupasua, ufa ukatambaa. Anza na tundu la milimita 2 kwa ncha ya moto au kekee ya mkono, kisha lipanue kwa rima ya kuzungusha polepole hadi LED ya milimita 5 iingie kwa kubanwa. Ibandike kwa ndani kwa gundi ya mpira inayobaki laini ikikauka. Supaglu iache: mvuke wake huweka ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na yenyewe haistahimili mtikiso. Gundi ya moto, ile ya bunduki, inashika vizuri nyumbani, lakini bodi nyeusi iliyoanikwa juani saa saba mchana, ufukweni, inaweza kuilainisha hadi taa ikaning'inia.

Seti za bei ya chini huwaka tu, basi. Za juu zaidi zina kisanduku kinachochomekwa pamoja na ESC kwa waya wa Y, unaogawa ishara moja njia mbili, kikasoma mkono wa mafuta na usukani: breki zinawaka ukishika breki, indiketa zinapepesa ukikata kona. Kisanduku hicho hufundishwa katikati na miisho ya rimoti yako. Ukiruka hatua hiyo, taa za nyuma zitawaka muda wote ukadhani ni mbovu.

Angalia volti kabla ya kuchanganya chapa. Kuna seti za Traxxas ambazo LED zake hula volti 3 kutoka kwenye kidhibiti chake maalumu. Ukikata plagi ukaziunga kwenye risiva ya volti 6, zitawaka kwa fahari kwa muda mfupi sana.

Kwa chumvi seti ni wastani: viungio vya LED huwa vimefunikwa, kisanduku mara nyingi hakijafunikwa. Kupatikana ndiko kunakokera. Duka la vipuri vya rimoti mjini si kitu unachokikuta kila mtaa, kwa hiyo seti huagizwa mtandaoni, na LED moja ikifa hupati mbadala wake mmoja. Utaitia viraka kwa njia ya pili.

Inamfaa asiyetaka kushika solda, mwenye risiva iliyo na chaneli wazi, na mzazi anayetaka kumaliza jambo kabla ya sikukuu.

LED mojamoja na rezista

Hapa unanunua vitu vidogo: LED, rezista za robo wati, waya laini, mpira wa kunywea kwa joto, na plagi ya sevo uliyoikata kwenye sevo iliyokufa. Mafundi wa redio na simu huwa navyo, na kinachokosekana kinaagizwa kwenye maduka ya mtaa wa Luthuli, Nairobi, kikaja kama kifurushi cha basi. Kwa gharama ya vifaa hakuna njia nyepesi kuliko hii, na kwa wengi ndiyo inayofundisha zaidi.

Hesabu ni moja. Toa volti za LED kwenye volti za umeme wako, ugawe kwa ampea unazotaka. LED nyeupe na za buluu hula karibu volti 3.2, nyekundu na za njano karibu 2. Umeme ukiwa volti 6 na ukitaka miliampea 15, nyeupe inahitaji (6 − 3.2) ÷ 0.015, yaani omu 187. Hakuna rezista ya namba hiyo mfukoni mwa fundi. Chukua 220, utapata karibu miliampea 13. Nyekundu inatoka omu 267: weka 270, au 330 usipotaka taa za nyuma zimeze za mbele. Kwa BEC ya volti 5, nyeupe ipe 150 na nyekundu 220. Mistari ya 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia; ya 330 ni chungwa, chungwa, kahawia.

Kila LED na rezista yake. Kuziweka LED nne sambamba kwenye rezista moja ni kosa linaloenea kwa sababu linafanya kazi siku ya kwanza. LED hazilingani kabisa. Ile yenye volti ndogo kidogo hunywa zaidi, hupata moto, volti yake hushuka tena, hunywa zaidi, hadi inakufa na kuwaachia wenzake mzigo. Kwa mfululizo mambo ni tofauti: nyekundu mbili mfululizo kwenye volti 6 na rezista ya omu 150 ni sawa kabisa. Nyeupe mbili mfululizo kwenye volti 6 hazitawaka vya maana, maana zinadai 6.4.

Wengine huunga nyeupe mbili mfululizo moja kwa moja kwenye betri ya seli 2 kwa rezista ya 150. Betri ikiwa imejaa zinapata miliampea 13. Ikifika volti 7 zinapata 4 hivi, na kabla ya betri kuisha zinakuwa kama kaa la sigara. Kuna wanaopenda hivyo, wanasema ni kipima betri cha bure. Kwa taa za kuonea njia haifai.

Kupiga solda kwenyewe kunataka pasi ya wati 30 au 40 yenye ncha safi. Mguu mrefu wa LED ni chanya. Ukiwa umekwisha kukatwa, tazama ukingo wa kichwa, upande uliobapa ni hasi. Shika mguu kwa koleo nyembamba karibu na kichwa ili joto liishie kwenye chuma, gusa kwa sekunde mbili au tatu, ondoa. Kiungo kizuri kinang'aa na kimeshuka kama maji. Kikiwa tonge la kijivu, kitaachia kwenye tuta la kwanza. Vika kila mguu mpira wake wa kunywea, miguu yote miwili, si mmoja.

Waya usitoe kwenye kebo ya mtandao ya ukutani. Ile ni shaba moja nzima ndani, na shaba nzima ikitikiswa hukatika ndani ya plastiki, usione kwa nje. Waya wa chaja ya simu ya zamani au wa sevo una nyuzi nyingi, unapinda bila kuchoka.

Kuna mahali pamoja ambapo kazi nzuri za mikono hufia: kati ya bodi na chesisi. Bodi hutolewa kila unapobadilisha betri. Waya ukiwa mmoja, siku moja utainua bodi kwa haraka na kung'oa kila kitu. Weka plagi ya kuachana hapo katikati, acha waya wa ziada wa sentimita 15, ufunge mbali na gia na shafti kwa kibano cha plastiki. Hili linawahusu hata wenye seti na utepe.

Mgongo wa LED upake rangi nyeusi, la sivyo mwanga unavuja na bampa zima linawaka kama taa ya kandili. Karatasi ya foili inaakisi vizuri, ila inapitisha umeme. Ikigusa miguu miwili umepata shoti.

Kwa chumvi, ubora ni wako. Kiungo kilichoachwa wazi huota ukijani, na upande wa chanya ndio unaoliwa kwanza, kwa kuwa maji ya chumvi yakiunganisha nyaya mbili zenye umeme shaba ya chanya huyeyuka. Rangi ya kucha isiyo na rangi, matabaka mawili juu ya viungo, inasaidia kwa gharama ndogo. Ukitumia silikoni, tafuta isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na hula shaba unayotaka kuilinda.

Inamfaa mwenye subira na pasi ya solda, mwenye bodi ya kipekee ambayo hakuna seti iliyokatwa kwa vipimo vyake, na kijana anayetaka kuujua umeme. Anayeharakisha aiache.

Utepe wa volti 12

Nenda kwa yeyote anayeremba tuktuk utaukuta: mzingo wa mita 5, rangi ya kila aina, unakatwa kwa mkasi. Kwa kupatikana hakuna mshindani. Na kwa mng'ao wa chini ya gari, ule unaopaka mchanga buluu likipita, hakuna njia nyingine inayoukaribia.

Ndani ya utepe, LED zimepangwa tatu mfululizo na rezista yake, na alama ya mkasi iko kila baada ya tatu. Kwenye utepe wa LED 60 kwa mita hiyo ni kila sentimita 5. Kata kwenye alama tu. Ule wenye LED kubwa za 5050 hula karibu ampea 1.2 kwa mita. Wenye ndogo za 3528 hula karibu 0.4. Gari la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, likifungwa vipande viwili vya sentimita 20 vya 5050 linakula kama ampea 0.48. Kwa betri ya seli 3 ya miliampea-saa 5000, saa nzima ya taa ni karibu sehemu moja ya kumi. Si haba, wala si ya kutisha.

Sasa volti. LED tatu nyeupe mfululizo zinadai zaidi ya 9 kabla hazijawaka vizuri. Betri ya seli 3 inafaa tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa mwanga utapungua kadiri inavyoshuka. Betri ya seli 2 haiuwezi utepe mweupe. Hata imejaa ina 8.4 tu. Mwekundu utawaka kwa unyonge. Mwenye seli 2 ataongeza moduli ya kupandisha volti kama MT3608, na hapo unyepesi wa njia hii unaanza kupotea. Tahadhari nyingine dukani: kuna tepe za volti 24 kwa ajili ya malori. Zinafanana kabisa, na kwenye gari lako hazitawaka. Soma maandishi kwenye mgongo wake.

Umeme wa utepe watu huuchukua kwenye plagi nyeupe ya betri, ile ndogo ambayo chaja huitumia kusawazisha seli. Inawezekana: tumia pini mbili za pembeni kabisa, ambazo zinatoa volti za betri nzima, wala si mbili zilizo jirani, kwani hizo zinanyonya seli moja na kuiacha nyuma ya wenzake. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na plagi, maana LiPo ikipigwa shoti haina mzaha.

Hapa ndipo lile la kuzimika linarudi. Plagi ya kusawazisha haipiti kwenye swichi ya ESC. Umezima gari, taa bado zinakula. Ukilisahau usiku kucha, betri inashuka chini ya volti 3 kwa seli, na LiPo iliyoshuka hivyo haiaminiki tena, wakati mwingine inavimba. ESC hulinda betri dhidi ya mota tu, haijui habari za utepe wako. Weka swichi inayoonekana, au tumia swichi ya kielektroniki inayoamriwa na chaneli ya tatu ya rimoti, na bado uchomoe betri kila mara.

Gundi ya mgongoni haidumu chini ya chesisi yenye vumbi na jasho la pwani. Futa kwa spiriti, bandika, kisha ongeza vibano vya plastiki viwili kwa kila kipande. Chukua aina iliyofunikwa silikoni, na kumbuka kwamba ukishaikata, ncha iko wazi. Izibe kwa silikoni isiyo ya siki. Ukitoka ufukweni, futa kwa kitambaa chenye maji baridi ya kunywa kabla chumvi haijakauka.

Kwa hedilaiti na breki utepe ni butu, mwanga wake unasambaa kila upande. Unamfaa mwenye betri ya seli 3, gari la juujuu kama monsta, na anayeendesha usiku kwa ajili ya kuonekana.

Arduino au bodi ndogo kama hiyo

Njia hii huchukua LED za njia ya pili na kuzipa akili. Risiva hupeleka kwa kila sevo mpigo mmoja kila milisekunde 20 hivi, na urefu wa mpigo ndio ujumbe: karibu mikrosekunde 1500 ni katikati, 1000 na 2000 ni miisho. Arduino Nano ikiunganishwa na waya za ishara za usukani na mafuta kwa nyaya za Y, inausoma mpigo huo na kuamua. Usukani ukizidi 1600, indiketa ya kulia. Ukipungua 1400, ya kushoto. Rimoti nyingine hugeuza upande. Mpepeso wa mara 90 kwa dakika, yaani milisekunde 333 wazi na 333 zimezimwa, unafanana na wa gari halisi.

Breki ndipo palipo na ujanja. ESC nyingi ukivuta nyuma mara ya kwanza zinafunga breki, mara ya pili ndipo zinarudi nyuma. Programu lazima ikumbuke: mpigo chini ya 1450 mara tu baada ya kwenda mbele ni breki, ukirudi katikati na kushuka tena ni rivasi. Bila kumbukumbu hiyo taa nyeupe ya nyuma itawaka kila unaposimama. Acha pia mwanya wa 50 kila upande wa katikati, kwani mpigo hutetemeka na taa zitacheza zenyewe.

Ukitumia amri ya pulseIn, inayopima urefu wa mpigo, iwekee kikomo cha mikrosekunde 25000. Bila kikomo husubiri sekunde nzima ishara ikikatika, na indiketa zinaganda. Ikirudisha sifuri, washa zote nne zipepese. Utajua rimoti imepotea.

Umeme: BEC ikiwa ya volti 5, ingiza kwenye pini ya 5V. Ikiwa ya 6, usiingize hapo, chipu ya ATmega328P haikuandaliwa kwa zaidi ya 5.5, pitia pini ya VIN. Usichomeke USB na betri kwa pamoja. Kila pini iache chini ya miliampea 20 na jumla isifike 200. Taa ukizidisha, tumia transista ya 2N2222 kwa kila kundi na rezista ya omu 1000 kwenye mguu wake wa beisi.

Kazi ya kufunga ni ya njia ya pili pamoja na wikendi moja ya programu. Bodi tupu yenye pini wazi ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya chumvi: ivike mpira mpana wa kunywea baada ya kuijaribu, au uifiche ndani ya sanduku la risiva. Ikiharibika, bodi nyingine inapatikana na programu unayo.

Inamfaa anayependa gari lake lifanane na la barabarani, mwenye kompyuta na hamu. Kwa gari la mbio ni uzito na nyaya bila sababu.

Taa zenye betri yake

Seli ya CR2032 na LED nyeupe moja, au taa ndogo ya baiskeli iliyofungwa kwa kibano. Haigusi risiva, haidhuru chochote, haifanyi chochote zaidi ya kuwaka. Kwa gari la kuchezea lisilo na tundu inatosha. Ila seli za kifungo ni hatari kubwa kwa watoto wadogo wakizimeza. Kifuniko kiwe cha skrubu.

Kwa hali yako

Risiva ina chaneli wazi, na unachotaka ni kujua gari linaelekea wapi jioni pale ufukoni Mama Ngina, Mombasa: seti ya kawaida ya nyeupe na nyekundu. Ukitaka breki ziwake bila kuandika programu, lipia ile yenye kisanduku.

Bodi uliichonga au kuinunua mtumba, au mfuko ni mwepesi: LED mojamoja. Kama solda huijui, mpelekee fundi wa simu mchoro wenye namba za rezista na rangi za nyaya. Kwake ni kazi ndogo, ilimradi asikuwekee rezista moja kwa taa zote.

Una betri ya seli 3 na unataka gari lionekane toka mbali ufukweni Pirates: utepe chini, pamoja na seti ndogo mbele na nyuma. Njia hizi mbili hazigombani, mradi seti ile kwenye risiva na utepe ule kwenye betri, kila mmoja na njia yake.

Una betri ya seli 2 na umeupenda utepe: fikiria mara mbili. Moduli ya kupandisha, fyuzi na swichi vikijumlishwa, LED nane za kawaida zinazotazama chini zinakupa mng'ao wa kutosha kwa kazi ndogo zaidi.

Unajenga lori au jipu la kupanda mawe, mwendo wa taratibu, watu wanalitazama kwa karibu: Arduino ina maana hapo. Anza na LED mojamoja zikiwa na plagi ya kuachana, uendeshe hivyo kwanza. Arduino unaweza kuipachika baadaye kati ya plagi hiyo na risiva bila kufungua tundu jipya, ukiwa tangu mwanzo umepeleka kila kundi la taa kwa waya wake: hedilaiti, breki, rivasi, indiketa ya kushoto, ya kulia, na hasi moja ya wote. Nyaya sita, plagi moja ya pini sita.

Gari ni la mtoto na ubao wake mmoja hauna tundu: usianze kuchokonoa kwenye ubao. Moduli ya kushusha volti baada ya swichi, taa nne, basi. Na kama swichi yake imefichwa kiasi kwamba hujui nyaya zinapita wapi, taa ya baiskeli na vibano viwili.